Uji wa Shimo Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa shimo namba saba! Bwawa lote litakaa juu ya mwamba wa chokaa, na chini kumejaa mapango. Injinia Wawira anasema tusipoyaziba, maji yatapita chini ya ukuta. Kwa hiyo tunatoboa, kisha tunasukuma uji wa saruji kwa pampu mpaka shimo likatae, yaani lisimeze tena. Mukiri, yule wa Laare, amepewa namba nane. Atakayefanya vizuri atakuwa msimamizi, avae helmeti nyeupe. Nimeshapima kichwa.

Jumanne, 4 Machi
Injinia ameagiza tuanze na uji mwepesi, uingie hadi nyufa za ndani, tuufanye mzito polepole. Mwepesi! Huo ni wa wagonjwa. Sisi Wambeere tumelelewa na uji wa kushika kijiko. Nimetii, lakini shimo limemeza kutwa nzima. Mukiri kapita akauliza kama mgeni wangu hashibi. Mjinga.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka na akili. Saruji maradufu! Mukiri akauliza kama napika ngima, ugali kabisa. Acheke. Kabla ya saa nne mshale wa presha ulikuwa umepanda hadi mwisho. Shimo limekataa! La Mukiri bado linameza. Nimempigia mke wangu Cicily atangaze kanisani.

Ijumaa, 7 Machi
Majaribio. Injinia alipitisha maji mekundu kwenye shimo la kupimia, hatua tatu kutoka langu. Yametokea kwenye chemchemi kule bondeni. Beberu wa mama mkwe amerudi nyumbani na ndevu nyekundu. Eti nimeziba mdomo, tumbo liko tupu. Injinia hakupaza sauti. Alionyesha nyumba zilizo chini ya ukuta, akauliza, Mzee Kivuti, pale ni kwa nani? Pale ni kwangu. Nimeumia. Shimo litatobolewa upya. Helmeti amepewa Mukiri. Inampwaya.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa jikoni, kupika uji wa saa nne. Mpishi Kiende aliniagiza niukoroge mwepesi, kwa sababu dramu ina bomba. Mwepesi tena! Nimetia unga maradufu. Saa nne, watu sitini na vikombe mkononi, bomba halitoi hata tone. Mukiri amelitikisa. Kiende amelipiga kwa mwiko. Injinia mwenyewe amechungulia ndani. Wapi! Limekataa kabisa.

Nimesimama kando, kifua mbele. Sasa waseme tena kwamba Kivuti hajui kuziba.