Bandari ya Kolwezi

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Vumbi tangu asubuhi. Kesho anafika Tata Kalumba kutoka Kalemie, baba yake Simone. Simone ndiye ninayetaka kumwoa. Mzee amefanya kazi ya meli maisha yake yote, na ameapa hatoi binti mahali pasipo maji. Ndiyo maana nilimwambia kwenye simu kwamba Kolwezi ni mji wa bandari. Ziwa mbele ya mlango! Kweli ziwa la Nzilo lipo, lakini ni mbali, na mi sina hata baiskeli. Jirani yangu Barnabé ana pikipiki. Naye anamtazama Simone. Simwombi kitu! Mpango: nitamtembeza mzee kwa miguu mpaka achoke, kisha nimwonyeshe maji yoyote, kwa mbali.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mzee alivaa viatu vya misa. Nikamzungusha: kanisa, stesheni, soko, soko tena kwa mlango mwingine. Akauliza mbona yule mama anayeuza majani ya sombe anatusalimu mara ya pili. Nikasema ni pacha. Mchana akaanza kuchechemea. Mwishowe tukapanda kilima cha udongo wa mgodi. Chini, shimo la zamani limejaa maji ya kijani. Nikanyoosha mkono kama gavana. Bandari!

Mzee akachungulia chini: "Bateau iko wapi?"

Nikasema leo meli zinapumzika. Na samaki? Nao pia.

Akaketi, akavua viatu. Damu kwenye soksi. Wala hakukasirika. "Mutoto yangu, carte ya inchi, ile ramani, tulisoma ku masomo. Nilikuja kuona kama utaniambia kweli."

Nikamwambia maji yamepungua kwa sababu ya kiangazi. Ole wangu!

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Barnabé kampeleka mzee Nzilo kwa pikipiki. Wamerudi na samaki. Harufu ya kukaanga imeingia mpaka kitandani kwangu. Hakuna aliyeniita. Jioni Simone alisimama mlangoni, macho mekundu. Alisema baba yake angempokea mwanaume asiye na ziwa. Asiye na neno la kweli, hapana. Akaenda. Nililia, si kidogo.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimesikia kwamba katika ukoo wao mwenye neno la mwisho ni shangazi yake Simone, anayekaa Lubudi. Nikampigia simu mara moja. Mama mpole kabisa! Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia naendesha treni. Amefurahi mno. Anakuja Jumamosi, na anataka kupanda.

Sasa natafuta kofia ya dereva wa treni.