Umempitisha Mama, Umenikataa Mimi

Eckhard Kühnel,
Mwalimu wa Jiografia,
Magdeburg.

Kwa Bwana Mlinzi wa Mlango,
Klabu ya Kiwanda cha Sabuni,
Berlin.

Ndugu Mlinzi,

YAH: KUMPITISHA MAMA YANGU MZAZI NA KUNIZUIA MIMI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umesimama palepale ulipokuwa Jumamosi iliyopita, mikono kifuani, kipini puani. Mimi ni yule bwana wa koti la kahawia uliyemtazama viatu ukatikisa kichwa. Najua uliwakataa wengi usiku ule na huenda sura zimekuchanganya, kwa hiyo nakukumbusha: nilikuwa nyuma ya bibi wa miaka sabini na tatu mwenye mkoba wa sokoni. Bibi huyo ni Roswitha Kühnel, mama yangu.

Nikueleze tulivyofika kwako. Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo Mama, ambaye masikio yake yamezidi kuwa mazito, hukaa mezani kwetu kimya kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikaona nimtoe wikendi moja, nimtembeze Berlin. Niliandaa ratiba: makumbusho mawili, mabaki ya Ukuta wa Berlin, mashua mtoni, na kulala mapema. Jumamosi tulitazama vyungu vya kale mpaka Mama akachoka, akaketi juu ya kitu ambacho baadaye tuliambiwa si kiti. Usiku, tukirudi hotelini, tukaikuta foleni yako ya kuingia klabuni kucheza muziki. Mama ni mtu wa Magdeburg ya zamani, ya Ujerumani Mashariki na uhaba wake, ambako ukiona foleni unajipanga kwanza, kinachouzwa utauliza baadaye. "Foleni ndefu hivi haikosi ndizi," akasema, akajipanga. Nilimweleza kwamba ndizi siku hizi zimejaa kila duka. Hakunisikia, au alijifanya.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Ulimpitisha. Hukumuuliza habari za presha, wala kama anajua anakoingia. Ulimwinamia sikioni kwa adabu ambayo sikuiona tena usiku ule, ukamuuliza, "Bibi, uko na nani?"

2. Jibu lake. Najua kosa hili si lako, ila lilitendeka mlangoni pako, na mlango una mwenyewe. Mama alisema, "Niko peke yangu." Ukauliza, "Na huyu bwana?" Akanigeukia, akanitazama juu hadi chini kama mtu anayetazama samaki wa juzi. "Huyu simjui. Ananifuata tangu makumbusho." Mtume Petro alikana akiwa amebanwa na watu. Mama yangu hakubanwa na mtu.

3. Hukuniamini mimi. Nilikuonyesha kitambulisho, jina la ukoo likiwa lile lile. Ukasema, "Akina Kühnel ni wengi, kaka. Leo haitawezekana." Kijana wa nywele za kijani aliyekuwa nyuma yangu akadakia, "Mzee, mwache bibi wa watu apumzike. Huna hata aibu?" Foleni nzima ikanigunia. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kuguniwa na watu wengi kiasi hicho nje ya darasa.

4. Hili ni la kisheria, nakuomba ulisome taratibu. Kabla ya kuzaliwa nilikaa miezi tisa ndani ya mtu ambaye wewe mwenyewe umethibitisha kuwa anafaa kuingia. Maana yake, kwa miezi tisa nami nilifaa. Ningependa kujua nilianza lini kutofaa. Kama ni kosa la mkunga, niambiwe, nimwandikie na yeye.

5. Mliibandika kamera ya simu ya Mama karatasi ya duara ili asipige picha ndani, na simu yenyewe akaitumbukiza mkobani pamoja na vifaa vyake vya masikio. Nikapiga, nikapiga, mkoba ukapokea kwa niaba yake. Nilibaki nje kwenye baridi usiku mzima, nikiteseka, macho yangu hayakubanduka mlangoni pako.

6. Alitoka jua limeshachomoza, viatu mkononi, mashavu yanameta, ameshikwa mkono huku na huku na vijana wawili aliowatambulisha kwangu kama wajukuu zake. Sina watoto. Nikamuuliza sikioni alikuwa akifanya nini mle. "Nilikuwa nacheza, mwanangu." Nikamuuliza atachezaje na masikio yake yako mkobani. "Muziki ule hausikiki kwa masikio," akasema. "Unagonga hapa." Akajipiga kifuani. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linaninyima usingizi: "Mle ndani hakuna anayemsikia mwenzake, Eckhard. Wote viziwi. Tangu baba yako aondoke, jana ndiyo mara ya kwanza sikuwa kiziwi peke yangu."

Bwana Mlinzi, ninyi mna leseni ya vinywaji na muziki. Nani aliwapa leseni ya kumfariji mama yangu? Kazi hiyo nimeifanya mimi miaka miwili, tena kwa ratiba.

7. Jumapili yangu iliharibika. Kwenye mashua Mama alilala kuanzia daraja la kwanza hadi la mwisho, mdomo wazi, mpaka mtembezaji wa watalii akauliza kwenye kipaza sauti kama bibi yule bado yuko nasi. Kutoka ukingoni watu nisiowajua walikuwa wakimwita kwa jina, "Roswitha, umeamka?" Mbele ya Lango la Brandenburg msichana mmoja alitaka kupiga picha na Mama. Nikajiweka sawa karibu yao. Akanikabidhi simu nipige mimi.

Kwa hayo yote naomba mawili, uchague moja. Ama nami niruhusiwe, ama Mama azuiwe, na picha yake ibandikwe mlangoni ili walinzi wenzako wamtambue. Ikishindikana, basi nipewe barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba yule ni mama yangu, maana mpaka sasa klabu yenu inamwamini yeye.

Nisalimie dada wa chumba cha makoti aliyemwazima Mama sweta lake, pamoja na mpiga muziki, na wajukuu zake wote wawili. Nisalimie hata yule wa nywele za kijani, ila yeye salamu fupi.

Natanguliza shukrani, hasira inafuata.

Mimi niliyebaki nje,
Eckhard Kühnel

Nakala: Meya wa Jiji, Chama cha Walimu wa Jiografia, Mama (kwa taarifa).

Nyongeza: Mama anarudi kwako Jumamosi ijayo na wenzake wanane wa darasa la kuogelea, na dereva wao ni mimi. Wapitishe wote. Mimi usinipitishe. Kuna jambo sikuliandika huko juu. Kwenye benchi la kioski, mkabala na mlango wako, nilimkuta Annegret, fundi miwani wa Bremen, ambaye ulimkataa muda mfupi kabla yangu. Tulinunua soseji moja tukagawana, tukazungumza mpaka kukakucha, na Mama alipotokea ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa namsubiri. Jumamosi Annegret naye atakuwa kwenye foleni. Nakuomba kwa heshima zote, tukatae.