Kadi Yangu, Mbele na Nyuma

Jumapili, 4 Agosti 2024

Nimechaguliwa mweka hazina wa sherehe ya binti yetu Pamela. Anaweka nadhiri zake za kwanza za usista siku ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano. Ukoo mzima umechanga, na majirani wa hapa Matogoro pia. Michango yote iko kwenye akaunti yangu. Leo shemeji Rupert, kaka wa mke wangu, mfuga nguruwe wa Maposeni, ameuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama kweli nina akaunti, au hela zinalala chini ya godoro. Mbele ya ukoo!

Nikapiga picha kadi yangu ya benki. Mbele. Kisha nyuma, maana Rupert namjua, angesema nimeiokota. Nikazituma kundini na kuandika: "Wenye macho wasome."

Kundi lenyewe limekua. Wiki iliyopita niliweka kiungo chake Facebook, hata wasionijua wachange. Zimeingia namba zisizo na jina wala picha. Hazijachanga bado, ila zinasoma kila kitu.

Jumanne, 6 Agosti

Meseji za benki tangu alfajiri. Nimelipia michezo ya kompyuta. Nimelipia tena. Nimelipia viatu katika nchi nisiyoweza kuitamka. Mimi michezo sichezi, na viatu ninavyo. Nikaangalia salio. Limebaki la kununulia chumvi.

Mke wangu Notburga akauliza mbona nimekaa chini. Nikasema mgongo.

Jumatano, 7 Agosti

Leo ilikuwa siku ya kumlipia ng'ombe wa sherehe. Nimemwambia mwenye ng'ombe kwamba mtandao wa benki uko chini nchi nzima. Akasema yeye ametoka benki hiyo hiyo sasa hivi, na hela amepata. Nikasema basi itakuwa upande wangu.

Nimefikiria kumsingizia Rupert, kwamba alinichokoza makusudi aibe namba. Mpango mzuri. Shida ni kwamba Rupert hata kuikuza picha kwenye simu hajui, na ukoo wote unalijua hilo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda benki. Imefungwa. Sikukuu ya Nane Nane. Mlinzi kanipa pole kama ya msibani.

Ijumaa, 9 Agosti

Dada wa benki anaitwa Shamimu. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona namba za kadi yangu. Nikaapa kwamba hata mke wangu hajawahi kuziona. Akanitazama kidogo, akatoa simu yake. Picha ya kadi yangu. Mbele na nyuma.

Kumbe mama yake ni jirani yetu, naye alichanga na yumo kundini. Aliipata picha Jumapili, akamtumia bintiye kuuliza kama ni salama. Bintiye akamwambia aniambie niifute haraka. Mama wa watu akaona haya kumsahihisha mtu mzima mbele ya ukoo wake.

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Shamimu ameifunga kadi, ameandika malalamiko, amesema hela huenda ikarudi, huenda isirudi. Muda wote ananiita baba, kwa heshima kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwambia Notburga. Alikuwa anachambua maharage. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua, ila sasa anatupa maharage na kubakiza mawe. Mwisho akauliza watu watatoka Madaba hadi hapa kuja kula nini. Nikamwomba jambo moja tu, Rupert asijue. Akasema amesikia.

Alhamisi, 15 Agosti

Pamela ameweka nadhiri. Nimelia kanisani, watu wakadhani ni furaha. Mtoto ameahidi ufukara. Baba yake alishamtangulia.

Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa natunga ugonjwa. Kufika uani, moshi. Nguruwe wawili wameiva, sufuria za wali zimejipanga. Pembeni kuna mbuzi aliyechinjwa na jirani yetu mzee Bakili kwa ajili ya Waislamu wenzake, na sufuria zake mbali. Katikati yuko Rupert, amejifunga kitenge cha dada yake, anageuza nyama. Notburga alimpigia simu Jumamosi ile ile. Kumbe kusikia si kukubali.

Rupert akasimama kusema neno. Nikainamisha kichwa, nikajua leo ndiyo leo. Akasema chakula chote hiki ni jasho la shemeji Saimon, apigiwe makofi. Yakapigwa. Nikapunga mkono, Mungu anisamehe. Pamela akaja akaninong'oneza, "Ahsante, baba." Afadhali Rupert angenitukana.

Jumatatu, 26 Agosti

Benki imerudisha karibu hela yote. Nitamlipa Rupert. Na kadi mpya nimepewa. Shamimu amenionya mara mbili, nikamwambia mwanangu, mimi nimekoma.

Jioni nikakuta minong'ono kundini. Ati kadi ya Saimon ilifungwa. Ati watu walilishwa na Rupert. Aibu ile ile, sasa mbele ya wote! Nimepiga picha kadi mpya, nimeituma. Ila safari hii nimekuwa mwangalifu, mbele na nyuma nimeziba jina langu kwa kidole, asijue mtu ni ya nani.

Zile namba zisizo na jina ndizo zimekuwa za kwanza kunipongeza.