Malalamiko Kuhusu Watu Wanaokataa Kuuharibu Msitu Wao

Ndugu Mkurugenzi wa Misitu,

Kwa heshima zote, mimi karani wa masjala naomba kuwalalamikia wakazi wa ng'ambo ya mto. Jumatatu tunawahamisha ili kuuokoa msitu wanamoishi, lakini wao hawatusaidii hata kidogo.

1. Msitu wao hauharibiki. Miaka miwili sasa safu ya "Uharibifu" kwenye fomu yangu iko tupu, na bosi wangu ananitazama kana kwamba nimeila mimi.

2. Wanaingia msituni kila siku, jambo ambalo kitabu chetu cha mwongozo kinasema huua misitu. Wanaokota kuni kavu, wanafyeka vichaka, wanakata mti mmoja na kuacha kumi. Msitu, kwa utovu wa nidhamu, unazidi kunenepa.

3. Eneo letu la hifadhi, ambalo tulilizungushia seng'enge tukafukuza kila mtu, lina bango zuri sana. Miti imepungua, kwani wapasua mbao huingia na malori na hakuna aliyebaki wa kuwaona. Hilo ni suala la ndani. Nalitaja kwa unyenyekevu.

4. Shangazi yangu anaishi huko. Nilipompelekea taarifa alicheka mbele ya majirani: "Haya baba, tufukuzeni. Mkishatutoa, nani atawaambia miti ipi inaumwa? Bango?" Niliandika kwenye fomu, "Taarifa imepokelewa," nikaaga.

5. Wafadhili wanakuja Alhamisi ijayo, na kutoka dirisha la chumba cha mikutano vilima vyote viwili, chenye msitu wao na chenye hifadhi yetu, vinaonekana, bila miwani.

Hivyo naomba wahamishwe hata kabla ya Jumatatu, misitu ilingane. Ikishindikana, waagizwe kuharibu kidogo, kwa kiwango kitakachopangwa na ofisi.

Wasalimie wote hapo makao makuu, hata yule dada wa mapokezi aliyenirudisha mara tatu.

Ni mimi, mtumishi wako mwoga lakini mtiifu,
Karani wa Masjala

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, hifadhi yetu imeshika moto. Walinzi wa ofisi wamekimbilia ng'ambo kuomba msaada, na wakazi wamekuja wote na mapanga, wanakata njia ya kuzuia moto. Bosi anaulizia muhuri wa kupiga kwenye notisi za kuhama. Tafadhali mwambie asipekue masjala. Muhuri uko mfukoni mwangu, nami niko njiani kwenda kufyeka.