Jalada la Mpwa wa Marehemu

Kinanda aliinusa bahati yake akiwa kwenye benchi la kampuni ya vitabu, akingoja kumuuza msichana wa sita.

Tusiogope, msichana mwenyewe alikuwa wa rangi na karatasi. Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake ulipiga wimbo wowote autakao msikilizaji, alikuwa mchoraji maarufu wa majalada ambaye hajawahi kushika brashi. Aliyechora ni shemeji yake, mjane wa kaka yake, mwandika vibao vya saluni na bucha. Kinanda kazi yake kusaini. Picha moja ya msichana anayelia alishaiuza kwa majarida matano ya masuala ya jamii. Toleo la ndoa za utotoni, msichana alivaa kitambaa chekundu. Toleo la dawa za kulevya, cha kijani. Toleo la shida ya maji, akashikishwa ndoo. Wahariri walitikisa vichwa na kusifu uhalisia. Hakuna aliyegundua, maana hawakusoma majarida ya wenzao, na wengine hata ya kwao.

Basi pale kwenye benchi, kupitia ukuta wa mbao, akamsikia Bi Mkurugenzi akisema kwamba ile riwaya iliyopigwa marufuku miaka arobaini iliyopita itatolewa upya, ila jalada linamsumbua. Kinanda hakungoja kuitwa.

"Bi Mkurugenzi, mwandishi yule alikuwa mjomba wangu."

"Mjomba wa damu?"

"Damu tupu! Jalada lake la kwanza, lile lililowaudhi wakubwa, alinikabidhi mwenyewe akiwa kitandani. Akasema, mpwa wangu, litunze."

"Lina picha gani?"

Kinanda hakuwahi kukifungua kitabu kile. "Mambo mazito," akasema.

"Ya nani?"

"Ya jamii."

Bi Mkurugenzi akatabasamu. "Niletee."

Huko uani shemeji aliuliza swali la kipuuzi. "Riwaya yenyewe inahusu nini?"

"Shemeji, imepigwa marufuku. Inahusu mambo ya kupigwa marufuku. Weka mwanamke, mgongo wazi kidogo. Nyuma yake moto."

"Moto wa nini?"

"Wa marufuku! Chora bwana."

Akachora. Kinanda akaichovya karatasi kwenye chai ya rangi, akaianika juu ya banda la kuku. Kuku mmoja akaikanyaga akaacha alama za kucha. Shemeji akashika kichwa, Kinanda akashangilia. "Hiyo ndiyo miaka arobaini yenyewe!"

Bi Mkurugenzi aliikagua, akainusa, akapitisha kidole kwenye herufi za jina la kitabu. "Limepitia mengi hili."

"Mateso matupu."

"Saini hapa basi. Kwamba wewe, mrithi wa marehemu, umeridhia kitabu kitoke." Kinanda akasaini kwa mbwembwe, saini yenye mkia mrefu kuliko jina.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa watu wa kupiga picha na vitabu wasivyokusudia kusoma. Katikati ya hotuba akaingia mama mmoja, bado na sare ya ukunga, wakili nyuma yake. "Mimi ni binti wa mwandishi," akasema. "Mara tatu mmetuomba ruhusa, mara tatu tumekataa. Nani kawapa?"

"Mpwa wa marehemu," Bi Mkurugenzi akajibu kwa upole, akiinua ile karatasi. "Huyu hapa."

Ukumbi ukapiga makofi. Kinanda akainama kushukuru, na huko chini, akiangalia viatu vyake, ndipo alipoelewa nani alikuwa anamchezea nani.

Bi Mkurugenzi na wakili wakaingia ofisini, wakatoka wanacheka. Wenye vyeo hawakosi la kugawana. Herufi za lile jalada Bi Mkurugenzi alishazijua tangu siku ya kwanza, maana kila bucha ya mji ule imeandikwa kwa mkono huo huo. Shemeji alipewa majalada sita mengine, akayasaini mwenyewe.

Aliyebaki na Kinanda ni mkunga.

"Baba alikuwa na dada mmoja tu," akasema. "Kama wewe ni mpwa wake, umezaliwa na shangazi yangu. Shangazi hajawahi kuzaa."

"Dada yangu, haya ni mambo ya kuzungumza..."

"Tunazungumza. Ana miaka tisini, haoni, na kila msaidizi amemkimbia. Chagua: twende kituo cha polisi ukaeleze, au twende nyumbani ukawe mwanawe."

Kinanda akachagua mama.

Bibi alimpapasa uso wote kwa vidole vikavu. "Mwanangu," akasema, "umri wote huu nakungoja, unakuja mikono mitupu? Pika uji. Kisha unisomee kitabu cha kaka yangu."

Ndipo Kinanda akakifungua kwa mara ya kwanza. Hamkuwa na mwanamke wala moto; ilikuwa habari ya karani aliyekataa kugonga muhuri. Akasoma, akapiga miayo, akafunua kurasa mbili kwa pamoja, sauti tamu kama kawaida.

"Rudia," bibi akasema. "Umeruka."

"Mama, utajuaje nawe huoni?"

"Walipovichoma vitabu vya kaka yangu, unadhani hiki kilifichwa wapi?" Akagonga paji la uso wake. "Neno kwa neno. Anza tena juu."