Hatifungani Yenye Daraja BBB Imekataliwa Nyasura

Masijala, Chumba Na. 4,
Musoma.
9 Juni 2025

Mkurugenzi,
Kampuni ya Kupanga Madaraja ya Hatifungani,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: DARAJA MLILOTOA KUHATARISHA NDOA YANGU

Naomba radhi kwa kukuandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mtu. Mimi ni karani wa masijala, nina miaka ishirini na saba, na sijawahi kulalamika rasmi juu ya jambo lolote, hata mwezi ule nilipokatwa mshahara kwa kosa la karani mwingine. Ukiona mahali nimevuka mpaka, tafadhali soma kana kwamba sikuandika.

Mwaka juzi nilihudhuria semina ya uwekezaji. Mwezeshaji alitueleza kwamba hatifungani ni mkopo: unaikopesha kampuni, inakulipa riba kila miezi sita, na muda ukiisha inakurudishia fedha yako yote. Alisema pia kwamba ipo kampuni, yaani ninyi, inayochunguza kama mkopaji ataweza kulipa, kisha humpa daraja kwa herufi. AAA ndiyo ya juu kabisa. Ukishuka hadi BBB bado uko mahali salama pa kuwekeza; chini ya hapo ni kubahatisha. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na neno "salama" lilinigusa. Nikanunua hatifungani za kampuni moja mliyoipa BBB.

Sasa nataka kumwoa Dorah, binti wa Mzee Makongoro wa Nyasura, Bunda. Mahari ni ng'ombe wanane. Mimi sina zizi, nimepanga chumba, na ng'ombe nawaogopa. Nikaomba nitoe hatifungani zenye thamani ya ng'ombe wanane. Kwetu upande wa binti hutuma watu kukagua ng'ombe kabla ya kuwapokea, na wana haki ya kumkataa yeyote. Jumamosi wakaja Butiama, kwa baba yangu mdogo Alfonce ambaye ndiye mshenga wangu, kukagua hatifungani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatifungani haishikiki. Nilichapisha taarifa yangu, karatasi moja, nikaitia kwenye plastiki ili isichafuke. Shangazi yake Dorah, Adventina, aliigeuza nyuma akakuta peupe, akatoka kuzunguka nyumba kuangalia kama kuna nyingine. Mzee Makongoro akaniuliza, "Mwanangu, sisi tulikuwaga tunamfungua ng'ombe mdomo tunahesabu meno. Hii naifungua wapi?" Nikamwonyesha daraja lenu. Akalikwaruza kwa ukucha aone kama linabanduka. Naomba siku nyingine muweke walau muhuri.

2. Herufi zenu zinadhalilisha. Shangazi aliwakumbusha wote kwamba Dorah alipopata B ya Hesabu, baba yake alimzuia kwenda kwaya muhula mzima. "Kwa B moja tu. Leo huyu anatuletea tatu, tena anatabasamu." Nilikuwa sitabasamu, Ndugu Mkurugenzi. Uso wangu hufanya hivyo nikiogopa.

3. Maneno madogo ya chini. Mmeandika: "Daraja hili ni maoni, si dhamana wala ushauri wa kununua." Niliyasoma kwa sauti kwa sababu mimi ni mkweli, na kwa sababu Shangazi alikuwa ameshavaa miwani. Nikaeleza kwamba ni maoni ya wataalamu, na kwamba wakopaji wa BBB hushindwa kulipa mara chache sana. Mzee akauliza mara chache ni ngapi. Nikamwambia. Akauliza tena: na hizo chache huwa zinaangukia mabinti wa nani?

4. Anayewalipa. Waliniuliza ninyi mnakula wapi. Nikasema mnalipwa na kampuni ileile mnayoipa daraja. Baba mdogo, ambaye yuko upande wangu, aliacha kutafuna sato. "Yaani mwenye ng'ombe ndiye anampa hela bwana mifugo aseme ng'ombe mzima?" Nikajibu kwamba mna kanuni, na mnalinda jina lenu. "Stanslaus," akasema taratibu, "hilo ungelinyamazia."

5. Kushusha madaraja. Ng'ombe wa mahari akifa kabla ya mwaka, mkwe huleta mwingine. Mzee Makongoro amefungua daftari na kuandika kwamba mkiishusha kampuni ile hadi BB nitaongeza ng'ombe wawili, na mkiishusha tena, watatu. Aliuliza pia kama bei yaweza kuanguka na kampuni ikiwa nzima. Nikakiri kwamba riba mpya zikipanda sokoni, hatifungani ya zamani huuzwa kwa bei ya chini, ingawa ukiivumilia hadi mwisho unalipwa yote. "Huyo ni ng'ombe aliyekonda kiangazi," akasema, akaniandikia nyongeza ya nusu ng'ombe. Sijui nusu hiyo italetwaje Bunda.

Wakaondoka bila kupokea. Wazee watakutana tena tarehe 28 Juni. Wakikataa siku hiyo, watamsikiliza mfanyabiashara wa samaki aina ya sangara kutoka Kisorya, mwanamume mpole mwenye ng'ombe wanaoonekana kutoka barabarani. Dorah amenipigia simu akasema, "Mimi nakutaka wewe, lakini jitahidi uoneshe kitu."

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, tuma mtaalamu wako Nyasura tarehe 28, mtu mzima kidogo, mwenye koti, aape mbele ya wazee. Pili, msiishushe kampuni ile hadi mtoto wetu wa kwanza aanze shule. Tatu, ikishindwa kulipa, ninyi mlete ng'ombe wanane, na majike wasipungue watano. Nne, nipangieni daraja mimi mwenyewe, kwa maana Shangazi alipokuwa akipanda bajaji aliuliza, "Karatasi tumeiona. Na huyu mkwe naye ana herufi ngapi?" Nimeambatanisha vyeti vya shule, cheti cha ubatizo na barua ya paroko. AA itanitosha, sipendi makuu.

Wasalimie wachambuzi wote, walinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi ambaye nimemkatia simu mara tatu kwa woga. Mwambie haikuwa dharau.

Wako, katika daraja lolote utakaloona linanifaa,

Stanslaus Matiko

N.B. 20 Juni. Barua hii imekaa kwenye droo siku kumi na moja nikitafuta ujasiri wa kuituma. Kila siku niliitoa nikaisoma ili kukagua tahajia. Siku ya nne, malalamiko namba 3, 4 na 5 yalinishawishi kabisa. Nikampigia dalali wa soko la hisa auze hatifungani zangu zote. Akazipatia mnunuzi, na kwa fedha hiyo nikamtuma mtu mnadani Bunda akaninunulia ng'ombe wanane, akawafunga uani kwa mwenye nyumba wangu. Jana Mzee Makongoro amenipigia, sauti imejaa furaha. Wazee wamekubali hatifungani bila kungoja kikao; tarehe 28 watakuja kuzipokea tu. Anasema maswali yote yale alikuwa anajifunza. Amechoka na ukame na wezi wa mifugo, na amependa kitu kinachozaa mara mbili kwa mwaka bila kuchungwa. Ameipenda hata amekopa fedha naye akanunua za kampuni hiyohiyo, na alibahatika, kuna mtu alikuwa anauza kwa haraka; kisha akapeleka ng'ombe wake wanane mnadani kulipa deni. Nimetoka nje kuwatazama ng'ombe wangu kwa mbali. Wote wana alama ya Mzee Makongoro pajani. Tafadhali puuza malalamiko yote hapo juu, ila nijibu kabla ya tarehe 28: hiyo BBB, ng'ombe anaweza kupewa?