Jinsi Fundi Ghalibu Alivyoikomboa Stempu ya Tai Kiooni kwa Bibi Mwanamkuu

Tegeni masikio, enyi wakazi wa Tabora, nanyi mshukao garini Kigwa na vikapu vyenu, tulieni; maana nanena habari za Ghalibu bin Humaidi, fundi saa, mshika kibano asiyetetemeka, katika miaka ile tulipohimizwa kuhamia vijiji vya Ujamaa.

Palikuwa na stempu ya Wajerumani, ya karne iliyopita, yenye picha ya tai. Meno yake ya pembeni yalitimia yote, na juu yake ulilala muhuri wa posta ya Tabora, unaosomeka wazi. Hilo ndilo jambo ambalo wakusanyaji wa stempu huliota kama wapagazi walivyoota maji. Lakini ilikuwa imebandikwa juu ya ufa wa kioo cha Bibi Mwanamkuu, nayo ndiyo iliyokizuia kisianguke, huku jua la dirishani likiinyemelea rangi yake.

"Shikamoo, Bibi. Naomba ruhusa ya kuikomboa."

"Marahaba. Wenzako wanachumbia wasichana, wewe unachumbia karatasi. Alasiri nina harusi Kitete. Kioo kikivunjika, wanja nitaupaka puani?"

"Bibi, naapa mbele ya birika hili: kikivunjika, nitasimama mbele yako nikuelekeze wanja mpaka nizeeke."

"Wewe, usiyejua hata kufunga kilemba chako."

Ndipo shujaa akaliita jeshi lake, nalo lilikuwa birika moja. Kuilowesha stempu hakuthubutu, maana maji yangeweza kuuchuja muhuri, na pasipo muhuri ule ingekuwa tai tu miongoni mwa tai. Mvuke ukapanda kama vumbi la msafara wa pembe. Gundi kongwe ikalegea, shingo upande. Jino moja likagoma. Ghalibu hakulivuta, alilibembeleza kwa kibano, jasho likimtiririka, hata likaachia. Stempu ikatoka nzima.

Kioo kikalia, na nusu yake ikaanza kuinama.

"Ghalibu," akasema Bibi bila kupaza sauti, "uso wangu unaondoka."

Ghalibu akachomoa mfukoni stempu mpya ya Jamhuri, akailamba, akaigandamiza juu ya ufa kwa kidole gumba, chini kidogo ya mahali pa ile ya kale. Kioo kikasimama.

Bibi akafuta ukungu, akajitazama kwa muda mrefu.

"Ya Mjerumani ilikuwa ikinifunika jicho," akasema. "Hii imeniachia yote mawili."

Basi na iandikwe: siku hiyo utawala wa tai ulikoma kabisa mjini Tabora, na Bibi Mwanamkuu akaingia harusini Kitete akiwa na wanja uliolingana pande zote mbili.